Saruji ya Wazee na Simiti ya Mifuko: Kuhusu Kutengeneza Majumba Makongwe ya Unguja kwa Vifaa Vyake Wenyewe

Neno "saruji" ni miongoni mwa maneno yaliyovuka bahari pamoja na wazee wetu. Omani bado wanalo, nao walilipata kutoka Uajemi. Asili yake haikuwa ule unga wa kijivu unaouzwa kwa mifuko madukani. Ulikuwa ni udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa maji, ukafanywa vipande kama mikate mikubwa, ukaanikwa juani, kisha ukapangwa juu ya magogo ya mitende na kuchomwa kwa siku kadhaa. Ukishapoa ulipondwa na kuchekechwa, na unga huo ndio uliojengea aflaji, mahodhi na ngome za Omani ya ndani. Udongo uliochomwa namna hiyo ukichanganywa na chokaa huganda hata penye maji, jambo ambalo chokaa safi peke yake haiwezi.

Ilipokuja simiti ya Kizungu, watu wa Pwani hawakuona haja ya kuitafutia jina. Walikuwa nalo tayari. Kitu kikabadilika, jina likabaki, na fundi aliyeambiwa "tia saruji" akatia kile alichokikuta dukani. Sisi tunaona kuwa mkanganyiko huo wa jina umeangusha nyumba nyingi zaidi katika Mji Mkongwe kuliko mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, ambayo kwa hakika ililenga jumba la Sultani na majirani zake tu.

Tunasema hivi si kwa kuwalaumu wengine. Katika nyumba yetu wenyewe, makosa ni yetu.

Nyumba hiyo ipo Kiponda. Aliinunua babu yetu mzaa baba, na baada ya mwaka 1964, familia zetu zilipotawanyika, ilibaki kwa shangazi yetu ambaye hakuondoka. Yeye alikaa ghorofa ya kwanza, chini palikuwa na duka lililofungwa, na juu kabisa walikaa watu waliopangishwa chumba kimoja kimoja. Sisi tulikwenda Maskati katika mwaka 1971, na kwa zaidi ya miaka ishirini khabari za nyumba tulizipata kwa barua tu. Mwaka 1994 shangazi aliandika kuwa ukuta wa upande wa uchochoro unamenyeka na chumba cha nyuma kinavuja. Tukakusanyana ndugu, tukapeleka pesa. Hatukumuuliza mtu yeyote anayejua. Tuliandika kwa mkono wetu, na nakala ya barua tunayo mpaka leo: lipu yote ya zamani ibanduliwe, ukuta upigwe saruji nzuri, na dari ya chumba cha nyuma itolewe boriti na kumwagwa zege. Tulikuwa tumeishi Ruwi kati ya majengo mapya, na kwa macho yetu ya wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ambayo nyumba ya babu ilistahiki. Mwanahistoria mzima, tuliyekuwa tukiandika juu ya karne ya kumi na tisa, hatukujua nyumba tuliyozaliwa imejengwa kwa nini.

Basi na tuseme imejengwa kwa nini. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe una unene wa dhiraa moja na zaidi. Ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa sana, yamepangwa ndani ya chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ilitokana na mawe hayo hayo ya baharini: magogo hupangwa kwa duara, mawe huwekwa juu, tanuu huwashwa moto usiku na mchana, kisha mawe yaliyoiva huzimwa kwa maji au huachiwa mvua na umande. Fundi mzuri hakuitumia chokaa ile wiki ile ile. Aliizika shimoni ikiwa na maji yake, ikakaa miezi, ikawa laini kama siagi. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, mti karibu na mti, na juu ya boriti mawe madogo na chokaa, ambayo ilipondwa kwa siku nyingi na safu ya watu wenye vipande vya miti, kwa nyimbo na ngoma, mpaka sakafu ikawa ngumu na maji hayapiti.

Boriti ndiyo iliyoamua ukubwa wa vyumba. Mkoko mzuri haukupi boriti ya kutegemewa zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vya Unguja, vya Lamu na hata vya miji ya Ghuba ni virefu na vyembamba, upana wake mita mbili na nusu au tatu. Tajiri aliongeza urefu wa chumba na idadi ya vyumba, lakini upana hakuuongeza. Msomaji aliyekulia Muharraq au Kuwait ya zamani ataitambua nyumba ya Kiponda mara tu atakapoingia, maana boriti zilizo juu ya kichwa chake zimetoka sehemu moja. Huko waliziita "chandal". Zilikatwa Rufiji na katika visiwa vya Lamu, zikapangwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, zikauzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majahazi yakazipakia kabla ya kurudi na kusi. Alan Villiers, baharia wa Kiaustralia aliyesafiri katika msimu wa 1938 na 1939 ndani ya chombo cha Wakuwaiti, alifika nao hadi delta ya Rufiji na akaeleza taabu ya ukataji na upakiaji ule kwenye tope na mbu. Biashara hiyo ilikufa polepole pale pesa za mafuta zilipoleta nondo na zege Ghuba, na Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

Sasa turudi kwenye ukuta wetu. Mawe ya matumbawe yana matundu, hunyonya maji ya mvua na maji ya ardhini. Katika ukuta wa chokaa hilo si tatizo, kwa sababu maji yaliyoingia hutoka tena kwa hewa wakati wa kiangazi. Mafundi husema ukuta unapumua, na maneno yao ni sahihi kabisa. Simiti haipumui. Ni ngumu kuliko jiwe inalolifunika, na inashikana nalo kama ngozi isiyovuka jasho. Maji yakiingia kwa juu au kwa ufa mdogo hayana pa kutokea. Yanayeyusha chumvi iliyomo ndani ya mawe ya bahari, na yakisogea chini ya lipu chumvi hiyo inaganda tena, inafura, inasaga jiwe likawa unga. Udongo mwekundu ulio katikati ya ukuta unarudi kuwa tope. Na vichwa vya boriti, ambavyo vimezikwa ndani ya ukuta huo huo, vinaoza mahali ambapo hakuna jicho linaloviona.

Ukuta wetu ulipendeza kwa miaka minne. Katika mwaka wa tano lipu ya simiti ikaanza kutoka kwa mabamba makubwa, kila bamba limeshika mawe nyuma yake. Zege la chumba cha nyuma, ambalo uzito wake ulikuwa mara nyingi wa dari ya zamani, lilikuwa limelazwa juu ya ukuta uliokuwa ukilainika. Mchanga wake ulitoka ufukweni, hatuna shaka, kwa sababu nondo zilipata kutu upesi na kulipasua zege kutoka ndani. Usiku mmoja wa masika kipande cha dari kilianguka juu ya kitanda ambacho kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hakikuwa na mtu. Shangazi alitutumia ujumbe wa maneno machache: "Saruji yenu imeanguka."

Tumetaja nyumba moja isiyojulikana kwa sababu ndiyo tunayoijua undani wake. Lakini kila msomaji wa jarida hili anakumbuka siku ile ya tarehe 25 Disemba 2020 ilipoanguka sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake, na watu wawili wakafariki. Jumba lile la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, lilikuwa katika matengenezo kwa msaada wa Serikali ya Omani. Hata hivyo ugonjwa wake ulianza zamani, na mwaka 2012 sehemu ya varanda yake ilikuwa imeshaanguka. Beit al-Ajaib ni kesi ya pekee, maana tangu siku ya kwanza ilichanganya mawe ya matumbawe na nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma kutoka Ulaya, na chuma kando ya bahari kina umri wake. Hatutaki kuwafundisha kazi wahandisi wanaolishughulikia. Tunalitaja kwa kuwa kilio kilichosikika Maskati siku ile kilikuwa cha watu wengi wenye nyumba zao ndogo Malindi, Shangani na Mkunazini, ambazo wamezisahau, au wamezipelekea mifuko ya simiti kama sisi.

Omani wenyewe wamepitia somo hili. Ngome ya Bahla, ambayo ni ya udongo, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata tu ikawekwa katika orodha ya urithi ulio khatarini. Katika miaka ya mwanzo ya matengenezo wataalamu walilalamikia vifaa na njia zisizoelekeana na jengo la udongo. Kazi ikarudishwa kwenye njia za asili, na mwaka 2004 ngome ikatolewa katika orodha ya khatari. Siku hizi anayetaka kuona jambo hili kwa macho na aende Misfat al-Abriyyin, au mtaa wa al-Aqr kando ya ngome ya Nizwa, akaone vijana waliozitengeneza nyumba za udongo na magogo ya mitende za mababu zao wakazifanya nyumba za wageni. Sisi tulilala usiku mmoja Misfat na tukaona haya, kwa sababu vijana wale, wengi wao wajukuu wa watu ambao hawakuwahi kwenda skuli, walijua ukuta unataka nini.

Tulipoamua kuitengeneza nyumba upya, mwaka 2016, kikao cha ukoo Maskati kilikuwa kirefu. Mmoja wa watoto wa ami zetu alitaka iuzwe. Mwengine alitaka ibomolewe ndani yote, zibaki kuta za nje tu, ndani isimame nguzo za zege. Njia hiyo ya pili ndiyo inayotumika sana, na ina mantiki ya kibiashara. Hata hivyo Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa sababu ya majengo mazima, na nyumba iliyotolewa matumbo ikabakishiwa uso ni kama kitabu kilichobaki jalada. Hoja iliyotushindia mwishowe haikuwa ya urithi. Ilikuwa ya fundi mmoja mzee kutoka Makunduchi, aliyeikagua nyumba siku mbili akatuambia kwa simu: "Mzee, vitu vya kuijenga nyumba hii vimo ndani ya nyumba hii."

Alikuwa na maana kamili. Rundo la kifusi lililokuwa ua wa nyuma, ambalo sisi tulidhani ni la kulipia gari lichukue, yeye alilichagua kama mtu anayechagua mchele. Mawe yaliyotoka kwenye ukuta wa chokaa yalitoka mazima: unayagonga kidogo, chokaa inadondoka, jiwe liko tayari kwa kazi. Yaliyoshikwa na simiti hayakufaa, kwa sababu simiti haiachi jiwe mpaka ilivunje. Hapa ndipo tulipofahamu tofauti kubwa ya vitu hivi viwili. Nyumba ya chokaa ikianguka inaweza kujengwa tena kwa mawe yale yale, na wazee walifanya hivyo mara nyingi. Katika kuta zetu mna mawe yenye lipu ya rangi ndani ya ukuta, ushahidi kwamba yalitoka katika nyumba nyengine iliyotangulia. Na mawe ya kuokoa yana umuhimu wake mwengine siku hizi, kwa kuwa tumbawe la baharini ni makazi ya samaki, na kulivunja lililo hai ili kutengeneza ukuta ni kula mtaji wa wavuvi.

Boriti zilifanyiwa vivyo hivyo. Kila moja iligongwa kwa nyundo na kusikilizwa. Nyingi zilikuwa nzima katikati na zimeoza vichwani, shubiri moja au mbili kila upande. Zilikatwa vichwa, na kwa kuwa sasa zilikuwa fupi, zile za chumba kikubwa zilihamia chumba chembamba na za chumba chembamba zikahamia ukumbi wa ngazi. Kwa nafasi zilizobaki tulinunua boriti nne kutoka nyumba iliyokuwa imeanguka Sokomuhogo, na zilizosalia ni za mvinje, mti unaopandwa hapa Unguja na kukua haraka. Mvinje hauna maisha ya mkoko. Utaliwa na wadudu kabla ya wenziwe, na atakayekuja baada yetu atautoa aweke mwengine. Tumelikubali hilo, kwa sababu mikoko ndiyo inayozuia bahari isile ardhi, na korija moja ya boriti haistahili ufukwe. Kwa madirisha ya nyuma fundi alitumia mbao za minazi mikongwe isiyozaa tena, ambayo mashamba ya Unguja yamejaa.

Chokaa ilikuwa na mashaka yake, na hatupendi kuisifu kama dawa ya kila kitu. Tanuu inakula kuni nyingi. Ni kweli kwamba chokaa huiva kwenye moto wa digrii 900 hivi, na simiti inataka kama 1,450. Ni kweli pia kwamba chokaa inapokauka ukutani inairudisha ndani yake sehemu kubwa ya gesi iliyoitoa jiwe lilipochomwa, na kwamba viwanda vya simiti duniani vinatoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa ya binaadamu. Lakini kuni za tanuu la Unguja hukatwa Unguja, na kisiwa ni kidogo. Fundi alipunguza haja ya chokaa mpya kwa kuiponda lipu ya zamani, kuichekecha na kuitumia badala ya sehemu ya mchanga, jambo ambalo pia lilituepusha na mchanga wa pwani wenye chumvi.

Jambo la mwisho alilofanya ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Kwa choo na kwa sakafu ya juu, mahali pa maji, hakuridhika na chokaa tupu. Alikusanya vigae vyekundu vilivyovunjika, vya aina ile iliyokuwa ikiletwa kutoka Mangalore, akaviponda vikawa unga, akauchanganya na chokaa iliyokaa shimoni miezi mitatu. Tulimuuliza mchanganyiko huo unaitwaje. Akasema hauna jina, alimuona babu yake akifanya. Tukamweleza kwamba udongo uliochomwa, ukapondwa na kutiwa chokaa, una jina, na kwamba kwa lugha yake na yetu unaitwa saruji. Alicheka sana. Akasema kama ni hivyo, basi ile ya mifuko iitwe kitu kingine.

Kazi ilichukua misimu mitatu ya kiangazi, kwa sababu chokaa haipakwi kwa pupa: tabaka moja, inangojewa, inarushiwa maji, kisha tabaka la pili. Gharama ya vifaa ilikuwa ndogo kuliko tuliyotarajia na gharama ya mikono ikawa kubwa kuliko tuliyotarajia. Kwa jumla tulilipa zaidi ya ambavyo zege lingetugharimu. Ila pesa zilikwenda kwa watu tisa wa Makunduchi na wa mjini, na wawili kati yao walikuwa vijana waliokuja kubeba mawe wakaondoka wanajua kupaka chokaa. Hili si dogo. Shirika la Aga Khan lilipoitengeneza ile Dispensari ya Tharia Topan katika miaka ya 1990, liliwafundisha mafundi wa hapa kazi hizi, na waliofundishwa wakati ule sasa wanazeeka.

Umebaki mlango. Mlango wetu ni wa msaji, wa nakshi, una misumari ya shaba na mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu. Mtoto wa ami yetu, yule aliyetaka nyumba iuzwe, alipendekeza kwa nia njema kabisa kwamba mlango uletwe Maskati, uwekwe katika nyumba yake mpya, wajukuu wauone. Tulibishana. Yeye alisema, ikiwa sisi tumenunua boriti za nyumba ya watu wa Sokomuhogo, kwa nini yeye asichukue mlango wa babu yake mwenyewe? Hoja hiyo ilitukalia moyoni kwa muda mrefu, na mpaka sasa hatudai kuwa tumeijibu yote. Ni kweli kwamba soko la vifaa vya zamani lina pande mbili. Boriti iliyookolewa katika nyumba iliyoanguka ni neema. Lakini bei ya boriti, na khasa ya milango, ikipanda, nyumba zinaanza kuanguka kwa kusaidiwa, na Mji Mkongwe umeshuhudia milango iking'olewa usiku. Tulimuuliza muuzaji wa Sokomuhogo mara mbili, mbele ya mashahidi, nyumba ile ilianguka lini na kwa sababu gani, na tukaenda kuliona rundo. Zaidi ya hapo hatukuwa na njia.

Mlango umebaki Kiponda. Sheria ya mambo ya kale ingeuzuia usitoke hata hivyo, na shangazi, ambaye ana miaka tisini na kitu, alisema yeye ndiye anayepita hapo kila siku.

Kuna jambo moja tunalihitaji kutoka kwenu, wasomaji. Mbele ya nyumba palikuwa na baraza ndefu ya mawe iliyovunjwa wakati mmoja kupisha duka. Fundi anataka kuirudisha, na mawe anayo, lakini hakuna kati yetu anayekumbuka kimo chake wala kama ilipinda kona ya uchochoro au iliishia mlangoni. Mwenye picha yoyote ya vichochoro vya Kiponda kabla ya 1964, hata ya arusi ambamo baraza inaonekana nyuma ya watu, tunamuomba aiweke wazi kwa wahariri wa jarida hili. Mchanga umeshachekechwa na chokaa ipo shimoni tangu Mfungo Sita.